Nani Amekaa Karibu na Msemaji

Hotuba mbele ya waandishi chipukizi, walimu na wanafunzi wa fasihi, Tanga

Ndugu walimu, waandishi wenzangu, nanyi wanangu mliopanda daladala asubuhi hii kutoka Pongwe, Mabokweni na kwingine: hamjambo. Wakubwa wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie jinsi teknolojia na utamaduni vinavyoiunda fasihi ya leo na dhamira zake. Naomba niingilie mlango wa zamani. Mwaka 1858, pwani ya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikwisha kufariki. Akamwita binti yake, na jambo la kwanza analomwambia katika utenzi wake ni kwamba asogee karibu. Kisha anamwagiza atwae wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana neno anataka kumwachia.

Beti zile nimezifundisha miaka mingi, na kwa muda mrefu mwanzo huo niliupita mbio, nikiwahi nasaha zenyewe, maana ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani. Siku hizi nasimama hapo hapo. Pana chombo: wino na karatasi. Pana mtu mmoja aliyekaa karibu na mgonjwa. Na kwa kuwa mtu huyo ni binti yake wa kumzaa, mama anasema mambo ambayo asingeyasema barazani: mume akilala usimwamshe, mpepee, jifukize, jipambe. Ni maneno ya chumbani, na yamekuwa fasihi kwa sababu alikuwepo binti wa kuyapokea na karatasi ya kuyaweka.

Sisi tumelelewa katika utamaduni wenye mipaka ya kusema. Kuna neno la kumwambia mtani, usimwambie mkwe. Kuna wimbo wa unyagoni, haupigwi mbele ya wanaume. Kuna hadithi ya bibi usiku, na ukiidai mchana unaambiwa utaota mkia. Kwa hiyo kila kinapokuja chombo kipya cha kubebea maneno, mimi huuliza kwanza: kimemsogeza nani karibu na msemaji, na kimemtoa nani nje? Akibadilika aliyekaa karibu, kinachosemwa nacho hubadilika. Nikilishika swali hilo, naona njia ndefu ya fasihi yetu ikinyooka mpaka kwenye simu mlizoshika mikononi.

Tazameni hati ya Kiarabu ambayo Kiswahili kiliandikiwa kwa karne nyingi. Chuo cha Herekali, utenzi wa Bwana Mwengo wa Pate, una mswada wa mwaka 1728. Hati ile ina alama tatu tu za irabu, nasi tuna irabu tano. Kwa hiyo “keti” na “kiti” huonekana sawa. Sauti ya “m” au “n” kabla ya konsonanti mara nyingi iliachwa, hata “kuba” na “kumba” zikafanana. Msomaji asiyewahi kuusikia utenzi ukighaniwa alikuwa na kazi ngumu. Karatasi ilimsaidia yule ambaye tayari alikuwa na sauti ile kichwani, mtu wa mji ule ule, anayejua lahaja ile na dua zile. Mtunzi alitunga akijua ni watu gani watamsikia. Hata huzuni ya utenzi wa Al-Inkishafi, inayolilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu na popo, ni huzuni ya mtu anayezungumza na wenye mji. Haelezi Pate ni wapi, kwa kuwa wote wanajua.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa na watu wengine karibu. Alitunga kabla ya 1840, wakati mji wake unavutana na Sayyid Said wa Oman na Unguja, na mashairi yake yakatembea mjini kwa midomo ya watu: siasa, njaa, mapenzi, vijembe, mafumbo. Aliyekaa karibu na Muyaka ni soko zima, na soko linajibu. Nitarudi kwake, kwa sababu kuna deni tunadaiwa juu yake.

Likaja gazeti kwa herufi za Kilatini. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likitoka kila mwezi. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hii, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliandika kwa ajili ya watu ambao hatawaona kamwe: karani wa Tabora, mwalimu wa Songea, mpagazi aliyejifunza kusoma ukubwani. Hao hawajui mtaa wake wala ukoo wake. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, nchi katika hadithi zake ni Kusadikika, nchi isiyo kwenye ramani, na watu wake wanabeba majina ya tabia. Msomaji asiyejulikana alihitaji mji ambao kila mtu anaweza kuingia bila kualikwa. Bei yake tuliilipa pia. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Kiunguja kikiwa kimekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kimtang'ata chetu hiki vikaanza kuonekana kana kwamba ni makosa ya tahajia.

Wakati huo huo santuri ilikuwa inafanya kazi yake pembeni, bila kuhitaji mtu ajue kusoma. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Taarabu iliyokuwa ya kasri, tena kwa Kiarabu, ikasikika mgahawani kwa Kiswahili. Mmoja wa nyimbo zake unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na lawama ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Gazeti la serikali lisingekililia kisa hicho namna ile. Santuri ilikaa mezani kati ya vikombe vya kahawa, na walioizunguka walikuwa ndio wale wale ambao hakimu hakuwasikiliza. Shaaban Robert alitambua uzito wake, akamwandikia wasifu mwaka 1958, na mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko kwa mengi mengine.

Redio nitaipita haraka, wengi wenu mnaijua kwa simulizi za wazee. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 redio ilikalisha kijiji kizima mahali pamoja, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikapata uwanja wake: sauti mbili zinabishana, mwisho zinakubaliana, na zinakubaliana na taifa. Huwezi kunong'ona mbele ya kijiji.

Kunong'ona kulikuja na kitabu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, kikakataliwa kwanza shuleni. Fikirini kitabu kile kingesomwaje kwa sauti ukumbini, baba yupo, shangazi yupo. Kisingefika ukurasa wa kumi. Lakini msichana wa bweni alikisoma kimya, kitabu kikiwa chini ya shuka, tochi mkononi. Kusoma kimya ni teknolojia pia, ndugu zangu, na ndiyo iliyoruhusu fasihi yetu kuzungumza juu ya mwili, aibu, ulevi wa baba na kukata tamaa bila msomaji kulazimika kuinamisha uso mbele ya mtu.

Nataka niwatajie mfano mmoja wa mbali ambao hautajwi sana kwetu. Mwaka 1965, Lubumbashi nchini Kongo, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, André Yav alitayarisha historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Iliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga jinsi kinavyosemwa, ikapigwa taipu na kurudufiwa. Wapishi na maboi, watu waliosimama nyuma ya viti vya mabwana kwa miaka mingi wakisikia kila kitu, walipata mashine ya taipu na wakaandika wenyewe habari za mji. Hakuna kamati iliyosahihisha sarufi yao. Ninapousoma mswada ule nasikia watu wanaongea.

Sasa tufike kwenye simu.

Meseji ya kawaida ya simu iliwekewa mpaka wa herufi 160, pamoja na nafasi na alama. Vijana wanadhani ufupi huo ni jambo geni. Lakini shairi letu la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita. Nilipata kuandika ubeti huu usiku mmoja nikimfikiria kijana wa mtaani kwangu aliyekwenda Muscat kufanya kazi, naye mama yake hampigii ila usiku:

Simu yangu yatetema, saa nane za usiku,
Ni sauti yako mama, yenye huba na shauku,
Waniuliza uzima, nami nina dukuduku,
Nikisema nimekwama, utalia kila siku.

Hesabuni mkifika nyumbani. Ni herufi 156 ukijumlisha mikato, nafasi na kushuka mistari. Ubeti mzima umeingia katika meseji moja, na nafasi nne zimesalia. Wahandisi walioweka mpaka ule hawakumjua Muyaka, lakini pumzi waliyotupa ni pumzi tuliyokuwa nayo tayari. Wanawake wa pwani walikwisha kuizoea zaidi ya hapo: jina la kanga ni utungo mfupi kuliko meseji, uliopigwa chapa kiwandani, unaovaliwa mbele ya jirani bila mvaaji kufungua kinywa. Kanga ni fasihi ya mtu anayetaka kusikika na mmoja tu katikati ya wengi.

Simu ilituletea na utungo mwingine, nao nautaja kwa uchungu, kwa sababu umewaliza watu ninaowajua. Kila mwenye laini hapa amewahi kuupokea: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Walimu, kaeni na sentensi hiyo kama mnavyokaa na ubeti. Haina salamu. Haina jina. Inaanzia katikati ya kisa. Neno “ile” linafanya kazi ya kutisha: linadai kwamba mimi na wewe tulikwisha kuzungumza, kwamba kuna hela tunayoijua wawili, kwamba kuna kumbukumbu kati yetu. Mama mmoja aliyekuwa kweli anasubiri kumtumia mwanawe ada alisoma “ile” na moyo wake ukajaza yote yaliyobaki. Akatuma. Nilikaa naye jioni hiyo. Alichokuwa anarudia kusema ni hiki: “Nilisikia kabisa sauti yake.”

Meseji haina sauti. Aliisikia sauti ya mwanawe katika maneno ya mtu asiyemjua. Katika ngano zetu zimwi hujifunza wimbo wa mama ili watoto wamfungulie mlango, na mara ya kwanza hawamfungulii kwa sababu sauti yake ni nene. Leo zimwi halihitaji kulainisha koo. Vijana, hiyo ndiyo dhamira ya zama zenu. Namna mtu anavyoweza kuingia ndani ya imani ya mwenzake bila sura wala sauti ni jambo ambalo Abunuwasi hakuwahi kulikuta, na bado sijaona riwaya ya Kiswahili iliyolishika sawasawa. Natamani iandikwe na mmoja wa mliomo humu.

Kisha kuna simulizi za kwenye makundi ya WhatsApp. Najua walimu wenzangu wengi wanazidharau. Mtunzi anaweka sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, mambo yakichemka anasema anayetaka iliyobaki alipie kidogo kwa simu, anamwingiza kundi jingine. Desturi ya kukatiza utamu si ngeni. Hadithi za magazeti ya miaka ya 1990 ziliishi kwa neno “itaendelea”, na fundi cherehani alilinunua gazeti la wiki iliyofuata kwa ajili ya neno hilo tu. Lililo geni ni kwamba mtunzi anaona maoni kabla hajaandika sehemu ya kumi na moja. Wasomaji wakimlilia dada aliyeachwa, dada anapata mchumba. Nimezisoma nyingi, na nasema bila kuficha: nyingi zinaharibika hapo. Mwandishi aliyemweka msomaji karibu kiasi hicho hana tena nafasi ya kumwambia jambo asilotaka kusikia. Lakini nimekuta pia kina dada wanaoandika juu ya ndoa zao, juu ya wifi, juu ya kazi za ndani Uarabuni, kwa ukweli ambao vitabu vyetu vya kiada haviukaribii. Hao nawasoma kwa heshima.

Nami naona badiliko kubwa kuliko yote liko kwenye sauti. Siku hizi simulizi inarekodiwa, inatumwa, na msikilizaji yuko kwenye basi la Tanga kwenda Dar es Salaam na hedifoni masikioni. Litazameni jambo hili polepole. Fasihi yetu imekuwa ya masikio tangu asili, lakini masikio yalikuwa ya wengi pamoja: ngoma, taarabu, baraza, redio ya dukani. Kitabu ndicho kilichotupa upweke, ila kilikuwa cha macho. Sasa kwa mara ya kwanza kuna mtu anayeisikiliza fasihi ya Kiswahili kwa sikio, peke yake, katikati ya abiria sitini, na hakuna anayejua anaambiwa nini. Ni chumba cha Mwana Kupona kilichowekewa magurudumu. Humo linaweza kusemwa neno la chumbani kwa sauti ya chumbani, na msemaji anaweza kulisema kwa lahaja yake. Mashine ya chapa ilichagua lahaja moja. Sauti haina haja ya kuchagua: Mpemba anasimulia Kipemba, mtu wa Bukavu anasimulia chake, na kama sijaelewa neno nitamuuliza.

Kwa hiyo kwangu swali la iwapo simu itaua fasihi halina uzito. Linalonikosesha usingizi ni kutunza.

Nilisema tunadaiwa deni juu ya Muyaka. Alifariki 1840. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipoanza kuzikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ile. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Miaka 100. Kama Mwalimu Sikujua asingekaa na wazee na kuwauliza, tusingekuwa na Muyaka, tungekuwa na jina tu. Na watunzi wa tenzi wa zamani walijihadhari: mwishoni mwa kazi walitaja tarehe, idadi ya beti, mara nyingi na jina, ndani ya beti zenyewe, ili mnakili asiweze kuvitoa bila kuvunja vina. Utenzi wa Mwana Kupona unataja mwaka wake, 1275 wa Hijria. Leo kazi inanakiliwa kundi hadi kundi, jina la mtunzi linafutwa kwa kidole kimoja, na mwezi ukiisha mwenye simu anafuta yote kwa sababu nafasi imejaa. Waandishi chipukizi, rudisheni desturi ile. Jina lako liingie kwenye kina.

Hili nalijua kwa kuwa limenipata. Nina shangazi Pangani, mjane, aliyecheza lelemama ujanani. Miaka miwili iliyopita alijifunza kutuma ujumbe wa sauti, na tangu hapo akawa ananitumia nyimbo walizokuwa wakiimba kina mama wa kikundi chao, mbili tatu kila Ijumaa, na kati ya wimbo na wimbo anaeleza nani alikuwa anasutwa na kwa nini. Nilizisikiliza nikitembea, nikicheka peke yangu barabarani. Sikuziandika. Nilidhani zipo. Kisha simu ikaingia maji, nikaipeleka kwa fundi, fundi akafanya alichoweza, na nyimbo zote zikapotea.

Niliona aibu kumwambia. Nilipomwambia hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema waliokuwa wanaimba naye wamebaki wawili, na mmoja hasikii vizuri.

Tukaanza upya. Nimenunua kaunta buku la kurasa mia mbili. Kila Ijumaa baada ya swala ananitumia sauti, naandika kwa mkono, tarehe juu, jina la aliyetunga kama analikumbuka, halafu namsomea nilichoandika. Tumefika wimbo wa 43. Mara nyingi nakosea, kwa sababu Kimtang'ata changu kimefifia kwa kukaa sana na Kiswahili cha shuleni, na neno nikilisanifisha bila kujua yeye hulisikia mara moja. Ijumaa iliyopita nilimsomea mstari mmoja, ukapita ukimya, kisha ukaja ujumbe wake wa sauti, sekunde saba tu: “Mwanangu, hilo neno silo. Shika kalamu, nikwambie.”